Samaki wa Marehemu Laurenti

Ukifika Mandewa, mjini Singida, ukauliza nyumba ya mama mwenye bahari ndani, watu watakuonyesha kwa kidevu. Hawanyooshi kidole, maana Yunisi akikuona unanyooshewa nyumba yake atatoka kukuuliza kuna nini. Ndivyo alivyo. Anauza mafuta ya alizeti mlangoni kwake, na mteja akiuliza kama mafuta hayajachanganywa, anaambiwa aende nyumbani akakamue ya kwake. Watu hununua hivyo hivyo, kwa sababu mafuta yenyewe ni mazuri, halafu wakishafika mbali ndio wanamsema.

Bahari hiyo ilikuwa ya mume wake, Laurenti. Huyu bwana alikaa Dar es Salaam miaka mingi, akifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja aliyetunza samaki wa mapambo kwenye hoteli na kwenye nyumba za wenye uwezo. Aliporudi Singida watu walitazamia gari, au walau mabati ya nyumba mpya. Yeye akashusha kwenye basi sanduku refu la kioo lililoviringishwa magodoro, mashine ndogo ya kuzungusha maji, taa ya bluu, mfuko wa chumvi maalumu, na mawe ya baharini yaliyofungwa kwenye magunia mabichi. Dada yake Rebeka, aliyekwenda kumpokea, alikitazama kile kioo akasema, "Laurenti, umetuletea jeneza la mtoto?"

Ndani ya kioo wakaishi samaki wawili, rangi yao kama chungwa lililoiva, kila mmoja na mikanda mitatu myeupe. Laurenti aliwaita klauni, kama walivyoitwa kazini kwake. Jike ndiye mkubwa, na dume mdogo anamfuata nyuma kama mume mwenye adabu. Walilala ndani ya mdudu wa baharini anayefanana na ua, mwenye vidole laini vingi. Samaki mwingine akivigusa vidole hivyo anaungua, lakini hawa wawili walijilaza humo kama watu kitandani. Jioni Laurenti alikaa mbele ya kioo na chai yake, na Yunisi akakaa pembeni akichambua mchele. Hawakuzungumza sana. Kwa mwanamke ambaye ulimwengu mzima ulimkera, hapo palikuwa mahali pekee ambapo mdomo wake ulipumzika.

Kisha Laurenti akaugua kifua, ugonjwa wa haraka, akafa.

Sasa, huyu Rebeka na Yunisi hawakuwahi kupatana. Rebeka aliishi Unyambwa, upande wa pili wa mji, peke yake, tangu mume wake alipohamia Kiomboi akasahau njia ya kurudi. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea Laurenti, akamwogesha, akampeleka shule kwa fimbo. Laurenti alipooa, Rebeka alimtazama bibi harusi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema mbele ya wageni, "Haya. Kama ndiye aliyebaki." Yunisi hakulisahau neno hilo. Hata hivyo kila walipokutana alimpa shikamoo, na Rebeka akaitikia marahaba, kwa sababu kule mkubwa ni mkubwa hata kama unamchukia.

Siku ya kumaliza msiba, ukoo ulikaa chini ya turubai nyumbani kwa Yunisi. Mzee Mughwai, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Mzee huyo hakupenda maneno marefu.

"Nyumba ni ya Yunisi," alisema. "Shamba la alizeti ni la Yunisi. Hilo sitaki kulisikia likizungumzwa tena. Lakini ndugu wa damu hawaondoki mikono mitupu. Kila mmoja atachukua kitu kimoja cha kumkumbuka marehemu, na wa kwanza ni Rebeka, maana ndiye mkubwa. Yunisi mama, una neno?"

Yunisi alikuwa ameshapanga. Baiskeli ya Laurenti alikuwa ameisimamisha ukutani, ameifuta vumbi mpaka inang'aa. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Achague chochote kilichomo ndani, baba. Mimi sina uchoyo."

"Chochote?" Rebeka akauliza.

"Si umesikia, wifi? Au masikio nayo yamefiwa?"

Watu wakacheka kidogo, wakaziba midomo. Rebeka hakucheka. Alifunga vizuri fundo la kanga yake, akasema, "Basi nachukua kioo. Na samaki wake."

Yunisi alisimama. "Kile hakihamishwi."

"Kwani kimeota mizizi?"

"Kina uhai ndani."

"Na baiskeli haina, ndiyo maana umeniwekea baiskeli," Rebeka akasema. "Nimekuona jana unaipangusa. Unafikiri nimekuja msibani kutafuta usafiri?"

"Unakitaka cha nini? Ulikiita jeneza!"

"Kilikuwa cha mdogo wangu. Nitakiita nitakavyo."

Yunisi akamgeukia Mzee Mughwai. Mzee akatazama chini, akachora mstari vumbini kwa fimbo yake. "Mama," alisema, "umetamka mbele ya watu. Ningejua usingetaka, ningekuzuia. Sasa nitaanzia wapi kukuzuia?"

Kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya kuhamisha, Rebeka alikuja na Deo, kijana mwenye guta la kubebea mizigo. Alisimama mlangoni akingoja salamu. Yunisi akampita na ndoo, akamwamkia Deo, "Hujambo, Deo?" halafu akaendelea na kazi. Deo aliona aibu akajifanya anakagua tairi. Kule mtu mzima akinyimwa shikamoo na aliye chini yake, tena mchana kweupe, ni sawa na kutemewa mate. Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa, Yunisi akampita tena, mchungaji akiwa katikati yao, akamshika mchungaji mkono na kwenda zake.

Lakini hiyo siku ya kuhamisha, ukweli usemwe, Yunisi alifanya kazi kama mtu wa mkataba. Aliwatoa samaki kwa mkono wake, akawaweka kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe. Ua alilibeba pamoja na jiwe lake. Maji mengine akayajaza kwenye madumu ili yaende yote. Hakutaka wafe njiani. Mfuko wa chumvi ya Dar es Salaam, ule aliuvuta kwa mguu ukaingia chini ya kitanda. Moyoni alisema: kachagua kioo na samaki, chumvi hakuitaja.

Wakati Deo anafunga kamba, alijilazimisha kusema. "Upepo wa huku unakausha. Maji yakipungua kwenye kioo, usije uka..."

"Yunisi." Rebeka alimkata bila hata kumtazama. "Mimi nimekwangua chumvi ufukweni mwa ziwa Singidani kabla wewe hujajua kuvaa viatu. Utanifundisha maji ya chumvi?"

Yunisi akarudi nyuma hatua moja. "Haya," akasema. "Nenda ukaoneshe ufundi wako."

Hilo "haya" ndilo lililomsumbua baadaye.

Nyumba ikabaki na alama ya mstatili sakafuni. Jioni Yunisi alikaa na chai mbele ya alama hiyo, akajiona mjinga, akahamishia kiti jikoni. Wateja wa mafuta wakapata shida wiki hiyo. Mmoja aliambiwa chupa yake inanuka kama mwenyewe.

Habari ililetwa na Martha, jirani anayeuza vitunguu sokoni, mwanamke asiyeweza kulala na neno tumboni. Ilikuwa Jumapili ya pili, baada ya ibada.

"Wifi yako ana mambo," Martha akasema, akiketi bila kukaribishwa. "Nimemwona Deo anatoka ziwani na madumu. Nikamuuliza, unapeleka wapi maji ya Singidani, hata ng'ombe hawayataki? Akaniambia ni ya samaki wa Mama Rebeka, maji yamepungua anaongezea. Mara ya pili hiyo."

Yunisi alicheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kibaya, hata Martha akarudisha kiti nyuma.

"Acha aongezee," alisema.

"Kwani kuna ubaya? Si maji ya chumvi?"

"Martha, kunywa chai yako."

Ubaya aliujua vizuri. Maji ya kwenye kioo yakipungua, kinachopaa ni maji matupu; chumvi yote inabaki ndani. Kwa hiyo unaongezea maji baridi, yasiyo na chumvi, ya mvua ikiwezekana. Ukiongezea ya chumvi unawakoleza kama mboga. Na hayo ya Singidani si ya chumvi tu, yana magadi, yale yanayoacha weupe ukingoni, yanayochubua midomo. Samaki wa baharini anaunguzwa mapafu, au sijui tuseme yale mashavu anayopumulia.

Na aliyajua kwa sababu alishayafanya. Mwaka ule Laurenti aliporudi, alikwenda Ikungi kwenye harusi, akamwachia samaki. Maji yakapungua. Yunisi, kwa mapenzi kabisa, akatembea mpaka ziwani na ndoo kichwani, akamimina, akajisikia mke hodari. Mtu yeyote wa Singida angefanya hivyo: ukiwa na ziwa la chumvi mlangoni, utaagiza bahari ya nini? Laurenti alirudi akakuta samaki wake wa kwanza wanaelea ubavu, mdomo wazi. Hakufoka. Alimweleza habari ya magadi taratibu, akaenda kuwazika nyuma ya choo, akarudi akala chakula chote alichopakuliwa. Hata alipoagiza hawa wawili wengine hakumkumbusha; Yunisi angependa zaidi apigiwe kelele.

Basi Jumapili ikapita, naye akapepeta alizeti. Jumatatu akapepeta tena, ambayo ilikuwa imeshapepetwa. Kila alipoinama alimwona yule jike mkubwa anavyofungua mdomo. Halafu alimwona Rebeka chini ya turubai na fundo lake la kanga, na moyo ukawa mgumu upya. Mwache ajue, alisema. Mwache aokote maiti zao kwa mkono wake. Lakini ugali hakuumaliza, akamwagia kuku.

Jumanne asubuhi aliuvuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Akapima chumvi, akakoroga kwenye maji ya mvua ya tangi lake, akapima tena kwa kipimo cha chumvi alichokiacha Laurenti mpaka mshale ukakaa mahali pake. Akampigia simu Deo.

"Njoo na guta. Tunakwenda Unyambwa."

"Kwa Mama Rebeka?" Deo akauliza. "Wewe? Mama, nije na guta au nije na polisi?"

"Njoo na guta, mjinga wewe."

Walifika jua likiwa limepanda. Mlango wa Rebeka ulikuwa umefungwa kwa ndani. Upepo ulikuwa unavuruga vumbi uani.

"Hodi," Yunisi akasema.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Wanaonijua huwa wananisalimia."

Yunisi alivuta pumzi. "Wifi, nimekuja kwa ajili ya samaki."

"Samaki hawajambo."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Yuko juu. Anapunga hewa."

Yunisi akagonga mlango. Samaki wale hawakai juu. "Mdomo anaufungua haraka haraka? Ua limejifunga? Fungua mlango, Rebeka!"

"Rebeka?" Sauti ya ndani ikapanda. "Ni Rebeka sasa? Kwani umenizaa wewe? Umenipita kwako mbele ya huyo Deo. Umenipita kanisani mbele ya mchungaji, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Leo hunipiti. Mlango huu unafunguliwa na salamu."

Deo alikohoa pale kwenye guta. "Mama zangu, maji yanapata moto. Na mimi nina mzigo wa mtu sokoni."

"Nyamaza!" walimwambia wote wawili, mmoja nje na mwingine ndani.

Yunisi alisimama na dumu mkononi. Angeweza kusema neno moja, geuza, na Deo angegeuza. Mfuko wa chumvi ungerudi chini ya kitanda, naye angekuwa ameshinda. Angeshinda, halafu jioni angekaa jikoni na chai yake, na pale Unyambwa kitu cha mwisho alichokipenda Laurenti kingekuwa kinaelea. Salamu aliyoizuia tangu siku ile ilikuwa imekaa kifuani kama jiwe la kusagia. Ilimuuma kuitoa kuliko ilivyomuuma kuibana.

"Shikamoo," akasema.

"Sijasikia. Upepo huu."

"Shikamoo, wifi!"

"Marahaba."

Komeo likafyatuka papo hapo. Rebeka alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono tayari kwenye chuma, macho mekundu, uso wa mtu ambaye hajalala. Yunisi aliona akaelewa kwamba hata asingesalimia, mlango ungefunguka baada ya dakika moja. Likamkasirisha hilo. Salamu ilikuwa imeshatoka.

Jike alikuwa ubavu juu, rangi imefifia kama kitambaa kilichofuliwa sana. Dume alikuwa amejichimbia ndani ya ua, na ua lenyewe limekunjamana, linatoa ute. Yunisi alimimina maji yake kwenye ndoo, akamnyanyua jike kwa viganja. Alimsukumasukuma taratibu ndani ya maji mazuri, mbele na nyuma, kama Laurenti alivyokuwa akifanya. Mdomo ulifunguka mara moja, ukafunguka tena, ukabaki wazi.

"Mfufue," Rebeka akasema.

"Amekufa."

"Jaribu tena!"

"Nimesema amekufa! Shika mpira huu wa maji. Weka maji yadondoke kwenye kioo polepole, tone kwa tone. Mdogo bado yupo. Usitetemeshe mkono!"

Rebeka alishika mpira.

"Ulijua," Rebeka akasema hatimaye. "Huo mfuko, hayo maji. Ulijua tangu mwanzo kwamba ya ziwani yanaua."

"Nilijua."

"Na habari uliipata lini?"

"Jumapili."

"Leo Jumanne." Rebeka alimtazama. "Siku hizo zote ulikuwa unafanya nini? Unapika?"

"Napepeta alizeti. Siku ya kuhama nilitaka kukuambia, ukanifundisha habari za viatu."

"Umemuua wewe."

"Maji kamwaga nani?"

"Nimemwaga kwa kutojua! Wewe umekaa kwa kujua!" Mpira ukayumba, Yunisi akamrudisha mkono mahali pake kwa nguvu. Rebeka hakuutoa, ila machozi yalianza kumtoka bila yeye kuyafuta. "Ndivyo ulivyonifanya hata kwa Laurenti. Mtoto niliyembeba mgongoni nikichota maji. Anakata roho hospitalini, unakuja kuniambia yuko mochwari."

"Simu yako ilikuwa imezimwa."

"Ungemtuma mtu. Mji huu umejaa bodaboda."

Kwa kawaida majibu yalimjia Yunisi yenyewe, yamepangwa mlangoni kama chupa zake za mafuta. Safari hii aliyaacha yote. Siku ile hospitalini hakumtuma mtu kwa sababu alitaka saa ya mwisho iwe yake peke yake, na alipata alichotaka.

"Ningeweza kumtuma," alisema.

"Ungeweza."

"Shika mpira vizuri."

Alirudi Jumatano, akarudi Alhamisi, kila siku na madumu, akiondoa maji mabaya kidogo kidogo na kutia mazuri. Walikuwa hawaongei ila kutukanana. Ijumaa yule dume alitoka ndani ya ua lake akadonoa chembe ya chakula, akaitema, akaidonoa tena. Yunisi aliketi sakafuni bila kuambiwa karibu.

"Huyu atabaki peke yake hivi hivi?" Rebeka akauliza kutoka kwenye kochi.

"Laurenti alisema jike akifa, dume anageuka. Anakuwa jike yeye."

Rebeka alifikiri. "Mungu wangu. Usije ukamwambia mchungaji." Kisha akaongeza, uso umegeukia dirishani, "Mchukue. Simtaki. Siwezi kuamka kila asubuhi naogopa kuangalia kwenye kioo. Mwite Deo, mpeleke kwako."

Neno hilo Yunisi alilingoja tangu siku ya turubai. Alitazama ua lililokunjamana, kidole kimoja kimoja ndio kwanza kinaanza kunyooka, akaona kwamba neno hilo halina faida kwake tena.

"Akihamishwa tena sasa, anakufa," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ua lifunguke lote. Sijui. Labda masika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuja."

"Kila siku?"

"Maji yanapungua kila siku."

"Na mdomo huo?"

"Sina mwingine, wifi."

Rebeka aliguna, guno refu la mtu aliyebebeshwa mzigo. Alisimama akaenda jikoni, akagongagonga masufuria kuliko ilivyohitajika, na sauti yake ikatokea huko ndani:

"Basi kesho uvue viatu nje. Sakafu yangu hupigwa deki, si kama huko kwako."

"Deki gani?" Yunisi akajibu, mkono ukiwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. "Unaishi na vumbi kama mjusi."